Tangi Dogo Ndilo Gumu

Anayetaka kufuga samaki wa baharini huku Mulanda wilayani Tororo, au Busia upande wowote wa mpaka wa Kenya na Uganda, huambiwa kwanza kwamba bahari iko mbali. Ni kweli. Mombasa hadi Busia ni safari ya kama kilomita 900, na Tororo imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini umbali huo hauui samaki, kwa sababu maji ya bahari hutengenezwa popote palipo na maji safi, chumvi inayofaa na kipimo. Kinachowamaliza samaki klauni, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe waliovuma duniani kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ni udogo wa tangi. Mfugaji mpya hununua tangi la lita 20 kwa kuwa ni la bei nafuu na linaenea juu ya kabati, akiamini kwamba maji machache yana kazi chache. Kwa maji ya chumvi mambo ni kinyume. Jozi moja ya klauni isiwekwe katika tangi la chini ya lita 80, na likiwa la lita 100 ni afadhali zaidi.

Tuanze na hesabu ya chumvi. Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa lita, na maji yanapovukiza chumvi haiondoki nayo. Lita moja ikivukiza kutoka tangi la lita 20, kiwango hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37. Ikivukiza lita hiyo hiyo kutoka tangi la lita 100, hakifiki hata 35 na nusu. Tangi kubwa lina uso mpana, kwa hiyo hupoteza maji mengi zaidi kwa siku, ila ukilinganisha na yaliyobaki, hasara yake ni ndogo. Viumbe wa miamba ya matumbawe wamezoea maji yasiyogeukageuka, na kiangazi cha Januari na Februari, hita na taa zikiwaka, mwenye tangi la lita 20 hawezi hata kwenda msibani siku tatu bila kumwachia mtu kazi. Dawa yake ni ndogo: chora mstari kwenye kioo usawa wa maji, na kila asubuhi ongeza maji hadi hapo. Yawe maji matamu. Wengi huongeza maji ya chumvi wakidhani wanarudisha kilichopotea, na chumvi hupanda wiki baada ya wiki hadi samaki wanaacha kula.

Maji hayo matamu nayo yachaguliwe. Ya mvua ni mazuri yakikingwa moja kwa moja kwa beseni la plastiki, lakini yakipitia mabati huokota zinki, ambayo ni sumu kwa konokono na kamba wa tangini. Maji ya bomba yana klorini, nayo lazima iondolewe kwanza. Maji ya kisima hubeba madini ya miamba yaliyopita, na Tororo ni nchi ya miamba ya chokaa na fosfati, ile inayolisha kiwanda cha saruji na ile ya vilima vya Sukulu. Fosfati ikiingia tangini hulisha mwani, na mwani ukishatawala kioo na mawe, kuung'oa ni kazi ya miezi. Anayeweza kupata maji yaliyochujwa kwa mashine au ya kukenekwa ajihesabu mwenye bahati. Kuhusu chumvi sina nafasi ya maridhiano. Chumvi ya mezani ni karibu yote kloridi ya sodiamu, ilhali bahari ina pia magnesi, salfeti, kalsi na potasi kwa uwiano wake maalumu. Chumvi ya Katwe nayo hutoka katika ziwa la magadi, lenye kabonati nyingi kuliko bahari. Inunuliwe chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini, hata kama italazimu kuagiza Nairobi au Kampala.

Wapo watakaouliza: mbona kambale huishi katika ndoo, na kamongo katika tope? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lenyewe. Kamongo ana mapafu, na kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Klauni hana hata kimoja. Hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni haba. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa pwani, wakati maji matamu ya joto hilo hubeba zaidi ya 8. Kwa mwinuko wa Tororo, ambako hewa ni nyepesi, punguza zaidi ya asilimia 10. Umeme ukikatika pampu husimama, na samaki wawili katika lita 20 wana akiba ndogo sana ya oksijeni kuliko wawili katika lita 100. Kwa hiyo pampu ya hewa inayotumia betri au sola si pambo. Inunuliwe kabla ya samaki.

Amonia nayo inafuata hesabu ile ile. Hutoka kwenye kinyesi, matamvua na chakula kilichooza, na ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye mchanga na mawe yenye vitundu huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali mkubwa, lakini huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya. Samaki akiwekwa siku ya pili, anaogelea ndani ya sumu yake mwenyewe, na maji yakiwa machache sumu hiyo huwa nzito zaidi. Kipimo cha amonia ni chupa ndogo ya matone. Maji yakipimwa kila baada ya siku chache, yenyewe yatasema lini yako tayari.

Sasa samaki wenyewe. Klauni huanza maisha ya uzazi akiwa dume. Katika kundi linaloishi kwenye anemoni moja (kiumbe wa baharini mwenye minyiri), mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata kwa ukubwa ni dume lake, na waliobaki hawazai. Jike akifa, dume hugeuka jike, na mmoja wa wadogo hupanda kuwa dume. Lakini jike harudi kuwa dume tena. Ndiyo sababu mtu akinunua wawili wakubwa kwa pupa ya kupata jozi iliyokomaa, huenda akapata majike wawili, nao watapigana hadi mmoja afe. Anunue wadogo wawili, mmoja akimzidi mwenzake kidogo. Baada ya muda utamwona mdogo akijilaza ubavu na kutetemeka mbele ya mkubwa. Huo ni unyenyekevu, si ugonjwa, na ni dalili kwamba wamepatana. Wakikomaa, jike hutaga mayai mamia juu ya jiwe lililosuguliwa vizuri, na dume ndiye mlezi: huyapepea kwa mapezi, huyapitishia mdomo moja moja, na yaliyokufa huyang'oa. Baada ya kama wiki moja mayai huanguliwa, na huwa ni usiku.

Anemoni si lazima. Inataka mwanga mkali na maji yaliyotulia kwa miezi mingi, na klauni wa tangini huishi vyema bila hiyo. Gharama ndiyo pingamizi zito zaidi, na siidharau: lita 100 zinahitaji kioo kinene, meza imara na kilo tatu na nusu za chumvi kwa kujaza mara ya kwanza tu. Lakini klauni akitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kununua tangi dogo na kuzika jozi baada ya jozi si bei nafuu, na kwa samaki ni ukatili.

Linabaki suala la wanakotoka. Klauni wa filamu ile, mwenye mikanda mitatu, hapatikani pwani yetu. Asili yake ni mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Wetu wa Kenya na Tanzania ni Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, ambao huishi katika miamba iliyochomwa na joto la bahari la mwaka 1998, pale matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopauka na kufa. Kumtoa jike katika anemoni ni kuvunja familia nzima na kuahirisha uzazi hadi dume ageuke. Klauni wamezalishwa matangini tangu miaka ya 1970, kwa hiyo hakuna haja ya kumgusa wa mwambani. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji samaki hawa walizaliwa wapi na wamekuwa wakila nini. Akishindwa kujibu, usinunue.