Panya Nyumbani, na Namna ya Kumzuia Asirudi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mgeni asiyealikwa, akaaye katika nyumba zetu na kula chakula chetu, wala hatoi hata senti moja ya kodi. Mgeni huyo ni panya.

Watu husema kwamba panya huuma akipuliza. Ndivyo amfanyiavyo mtu aliyelala, na ndivyo aifanyiavyo akiba ya nafaka: huchukua kidogo kidogo, mwenye mali asione uchungu mpaka siku ya kufungua gunia. Na tufanye hesabu. Panya mmoja mkubwa hula kadiri ya gramu 25 za nafaka kwa siku. Basi panya 10 kwa mwezi mmoja watakula kilo 7 na nusu. Na kwa miezi 8 watakula kilo 60. Hayo ni yale yaliyoingia tumboni tu. Hatujahesabu mahindi yaliyoliwa kiini, wala yaliyochafuliwa kwa mkojo na mavi, wala magunia yaliyotobolewa.

Lakini nafaka hulimwa tena, na uhai haulimwi. Katika manyoya ya panya hukaa viroboto, na viroboto huweza kuchukua maradhi ya tauni. Mwaka 1894, katika mji wa Hong Kong, daktari Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha tauni. Mwaka 1898, katika mji wa Karachi, daktari Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye akichukuaye kijidudu hicho kutoka kwa panya. Wala msidhani kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980, ikawa ikirudi mara kwa mara. Hata kufika mwaka 2004, watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua, na mamia katika hao walikufa.

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawalijui. Kiroboto hutaka damu yenye joto. Panya akifa, mwili wake hupoa, na kiroboto humwacha akatafuta mwili mwingine. Asipopata panya wa pili, humrukia mtu, na aliye karibu kabisa ni yule aliyelala sakafuni. Kwa hiyo, mahali panapojulikana kuwa na tauni, mtu akianza kwa kuua panya aweza kujiletea msiba mwenyewe. Yampasa kwanza amwite bwana afya, viroboto wauawe kwa dawa ya unga ipasayo, kisha ndipo panya wauawe. Na kila mtu alale kitandani, si sakafuni.

Tuje kwenye swali la pili: Kwa nini panya hurudi? Mtu huua panya 5 leo, akafurahi, na baada ya miezi michache nyumba imejaa tena. Sababu ni hii. Panya jike huchukua mimba siku 22 hivi, akazaa watoto 6 au 8, pengine zaidi. Na watoto hao wakifika miezi 3 nao huweza kuzaa. Tena panya wa jirani wakiona nafasi huhamia. Ukiua panya ukaacha kilichomleta, umemwandalia mwenzake nafasi. Naye huletwa na mambo matatu: chakula, maficho na njia.

Chakula ndicho kikubwa. Usilale na vyombo vyenye makombo wala unga ulio wazi. Chakula cha kuku kilichobaki kiondolewe jioni, na taka zifukiwe mbali na nyumba. Wengine huweka mahindi darini juu ya meko ili moshi ufukuze fukusi. Moshi husaidia kwa fukusi, lakini haumzuii panya. Naye hulala juu ya mahindi hayo, na viroboto wake huwaangukia walio chini. Nafaka ikibidi kukaa ndani, na itiwe katika pipa la bati lenye kifuniko kikazacho. Iliyo bora ni ghala ya nje, iliyosimama juu ya nguzo zisizopungua urefu wa mita 1, na kila nguzo ivikwe bati mfano wa mwavuli, panya asiweze kupita. Ghala isiwe karibu na mti wala paa, maana panya huruka. Na ngazi iondolewe kila mara baada ya kutumika.

Jambo la pili ni maficho. Lundo la kuni ukutani, magunia matupu pembeni, majani marefu nyuma ya jiko, hayo yote ni nyumba za panya. Fyekeni majani, inueni kuni juu ya vijiti, na kila juma sogezeni masanduku mkafagie nyuma yake.

Jambo la tatu ni njia. Tundu liwezalo kupitisha kidole gumba lamtosha panya, na mtoto wake hupita palipo pembamba zaidi. Udongo mtupu ataufukua usiku uleule. Zibeni matundu kwa udongo au saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, na upande wa chini wa mlango upigiliwe kipande cha bati.

Mkiisha kufanya hayo, tegeni mitego; maana sasa panya ana njaa. Panya huogopa kitu kipya. Kwa hiyo wekeni mitego yenye chambo siku 3 au 4 bila kuifyatusha, mpaka azoee kula. Kisha itegeni yote usiku mmoja. Iwekeni kando ya ukuta, kwa kuwa hapo ndipo apitapo. Chambo chema ni dagaa wa kukaanga au nazi iliyochomwa. Panya aliyenaswa atumbukizwe pamoja na mtego katika ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, ili viroboto wafe. Kisha azikwe chini sana. Paka naye husaidia, kwani paka akiondoka panya hutawala. Lakini hawezi kuimaliza nyumba iliyojaa chakula. Sumu za shambani msizilete jikoni kamwe: zimepata kuua watoto na kuku.

La mwisho. Mkiona panya wanakufa wenyewe, bila mtego wala sumu, hiyo ni dalili ya hatari. Msiwaguse kwa mikono mitupu, wala watoto wasiwachezee. Mpelekeeni habari mkuu wa kijiji na bwana afya siku ile ile. Na mtu akishikwa ghafla na homa kali, akatoka mitoki yenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe hospitali upesi, asingojee kesho. Tauni ina dawa, na awahiye kuipata huweza kupona. Achelewaye huweza kufa kwa siku chache.

Nanyi watoto wa shule, nawapa kazi. Jioni hii zungukeni nyumba zenu mkahesabu matundu yapitishayo kidole gumba. Mwambieni baba na mama hesabu mliyoipata, mkashike udongo mkazibe nao pamoja. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa herini.