Uvira: Kabla ya kupima Mulongwe, kompilateri iingie kwanza kwenye flashi

Wakaaji wa Uvira hawajasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mvua kubwa ilinyesha milimani, mto Mulongwe ukashuka na mawe, matope na miti. Kulipokucha makumi ya watu walikuwa wamekufa, maelfu hawana nyumba, na mitambo ya maji ya Regideso imeharibika. Tangu hapo ziwa Tanganyika nalo limepanda hadi kuingia ndani ya nyumba za pembeni, huku Uvira na hata ng'ambo, Gatumba, nchini Burundi. Mwaka 2024 maji yalipanda tena, na watu wa Kavimvira na Kalundu walihamisha vyombo kwa mitumbwi pale walipozoea kupita kwa miguu.

Kwa kijana anayesoma informatika, swali linakuja lenyewe: je, haiwezekani kutengeneza kipimo kidogo, kifungwe chini ya daraja, kitume SMS maji yanapoanza kupanda?

Inawezekana, na vifaa vyake si ghali. Kinatakiwa kipimo cha sauti, kile kinachotoa mlio usiosikika na masikio na kungoja urudi kutoka juu ya maji. Kinatakiwa chipu ya kufanya hesabu, modemu ndogo yenye kadi ya SIM, betri na plaki ya sola. Vyote vinaweza kuagizwa, vikafika kwa barabara au kupitia Bujumbura. Kinachowakwamisha wengi ni kitu kisichoshikika kwa mkono: namna ya kuandika programu ambayo chipu ile itaielewa.

Chipu haiongei lugha ya ordinateri. Ordinateri nyingi zinazouzwa mjini zina prosesa ya aina ya Intel au AMD. Chipu ndogo inayoitwa mikrokontroleri ni ya kabila lingine. Ile inayojulikana sana na wanaoanza, ATmega328P, ambayo imo ndani ya kadi ya Arduino Uno, ina kilobaiti 32 tu za kuwekea programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Picha moja ya telefone ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Ndani yake hakuna nafasi ya kuandikia programu wala ya kuitafsiri. Kwa hiyo kazi yote inafanyika kwenye ordinateri, na matokeo peke yake ndiyo yanapelekwa kwenye chipu kwa waya wa USB.

Wavuvi wa Kalundu hawatashangaa. Mtumbwi unaundwa kwenye mchanga, na watu waliosimama pakavu, ingawa kazi yake yote itakuwa majini.

Programu inayofanya tafsiri hiyo inaitwa kompilateri. Ya kawaida, inayokuja na Linux, inatengeneza programu za kutumika kwenye ordinateri ileile. Ya chipu inakaa kwenye ordinateri lakini inatoa maneno ya mashine ya kabila lingine. Haitembei peke yake: ina mwenzake wa kuunganisha vipande, maktaba ya kazi za kila siku, na chombo cha kusukuma programu hadi kwenye chipu. Mafundi wanaviita vyote kwa pamoja mnyororo wa vifaa. Sehemu kubwa ni ya bure. GCC, kompilateri inayotumika zaidi katika kazi hii, ilitolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987, na mpaka leo mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa jirani.

Chipu za namna hii tayari zimejaa Uvira, ila watu hawaziiti hivyo. Taa za sola za kulipa kidogo kidogo zina moja ndani. Mteja analipa kwa telefone, anapata namba ndefu, anaibonyeza, na mwanga unarudi. Mtambo hauna intaneti. Programu iliyo ndani ya chipu inajua kukagua namba ile na kuhesabu siku zilizobaki. Programu moja ya kazi hiyo, OpenPAYGO Token, imewekwa wazi bure na Solaris Offgrid, kampuni iliyofanya kazi yake ya sola Tanzania, na sehemu ya chipu inaweza kusomwa mstari kwa mstari. Hata biashara ya taa hizo ina watoto wa upande huu: Washikala Malango na Iongwa Mashangao, waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, walianzisha Altech mwaka 2013 ili kuwaondolea Wakongomani taa za mafuta. Kuuza na kurekebisha kumezoeleka. Kuandika programu ya ndani bado kunaonekana kuwa kazi ya watu wa mbali.

Vitabu vingi havijui shida za Uvira. Vinasema: pakua, fungua, endelea. Huku kupakua kunamaanisha kununua mega, kukaa mahali ambapo mtandao unashika, na kuomba umeme wa SNEL usikatike kabla ya mwisho. Ndiyo maana uchaguzi wa chipu ni uchaguzi wa mfuko pia. Vifaa vya ATmega kwenye Linux ya Debian au Ubuntu vinaitwa gcc-avr, avr-libc na avrdude, na vyote kwa pamoja havifiki megabaiti 100. Vya chipu za ARM, gcc-arm-none-eabi na maktaba zake, vinakwenda kwenye mamia ya megabaiti. Vya ESP32, chipu yenye Wi-Fi ambayo vijana wanaipenda, vinapita gigabaiti moja vikishafunguliwa. ESP32 ni nzuri, lakini kwa kipimo cha mto kinachotuma SMS, Wi-Fi ya nini? Mwenye kuanza aanze na ndogo.

Na asipakue peke yake. Njia inayofaa ni mtu mmoja kulipia mega mara moja tu. Anatumia amri ya apt-get install na kuongeza neno --download-only. Faili zinabaki katika folda ya /var/cache/apt/archives, anazinakili kwenye flashi, na mwenzake anaziweka kwenye ordinateri yake kwa amri ya dpkg -i bila intaneti hata kidogo. Flashi moja inaweza kuzunguka darasa zima.

Sharti ni kwamba ordinateri zote ziwe na toleo lilelile la Linux, na ziwe zote za biti 64 au zote za biti 32. Wengi wanadharau sharti hili, kisha wanapoteza siku mbili. Mmoja ana Ubuntu ya 2020, mwingine ya 2024, faili zinakataana, na lawama inaangukia flashi. Afadhali kundi likubaliane mapema juu ya toleo moja, na flashi ibebe pia diski ya kusimika Linux yenyewe. Aliyepakua afanye kazi hiyo kwenye ordinateri iliyosimikwa upya, kwa sababu apt hairudii kupakua kitu ambacho tayari kipo. Akitumia ya zamani, mwenzake atakuta vipande vinakosekana.

Kosa la pili ni dogo na linaaibisha: kuita kompilateri isiyo yake. Mtu anaandika gcc badala ya avr-gcc. Mara nyingine hakuna onyo, faili linapatikana, lakini ni la ordinateri, na chipu haitalielewa. Amri ya file inamaliza ubishi kwa sekunde moja: ikisema x86-64, umetafsiri kwa lugha isiyo yake; ikisema AVR, uko sawa.

Halafu kuna waya. Nyingi za zile zinazouzwa sokoni zinachaji telefone tu, hazipitishi data, na kijana anaweza kusimika kila kitu upya mara tatu bila kujua kosa ni waya. Kwenye Linux, mtumiaji lazima awe katika kundi la dialout, la sivyo mlango wa USB unamkatalia. Ubuntu 22.04 ina ajabu yake: brltty, programu ya kuwasaidia wasioona, inachukua kadi zenye chipu ya CH340 ikidhani ni mashine ya maandishi ya vidole. Kadi inaonekana, kisha inapotea. Asiyehitaji brltty anaiondoa na mambo yanatulia.

Vikishasimikwa vyote, mto unarudi kuwa swali la hesabu. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Linapanda polepole, kwa wiki na miezi, na satelaiti zinalifuatilia kutoka angani. Lakini satelaiti za familia ya Jason, kwa mfano, zilipita juu ya mahali pamoja kila baada ya siku karibu 10. Kwa ziwa inatosha. Kwa Mulongwe, Kalimabenge au Kavimvira, mito inayoshuka kutoka milima ya Mitumba kwa saa chache, siku 10 ni bure. Huko ndiko kipimo cha bei ndogo kina maana.

Tuseme kinapima kila dakika 10. Hivyo ni vipimo 144 kwa siku, kila kimoja baiti 2. Kwa siku 7 ni baiti 2 016, na kumbukumbu yote ya kazi ya ATmega328P ni baiti 2 048. Wiki moja, na kumbukumbu hiyo imejaa, bila nafasi ya kutosha kwa kazi nyingine za programu. Kwa hiyo vipimo viandikwe kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, au vitumwe na kufutwa. Namba zenye nukta nazo ziepukwe: chipu hii haina sehemu ya kuzihesabu, kompilateri inalazimika kuongeza kazi nyingi, na programu inanenepa. Kuhesabu kwa milimita kamili kunatosha. Na kwa sababu maji hayatulii, kipimo kimoja hakiaminiki. Afadhali kupima mara 9 na kuchukua thamani ya katikati kuliko wastani, kwa kuwa tawi moja linalopita linaharibu wastani.

Kipimo cha kawaida cha HC-SR04 kinaishia mita 4, hivyo kifungwe kwenye daraja, mahali ambapo mawe ya mafuriko hayatakifikia mapema. Umeme ukiyumba, chipu inaweza kuganda. ATmega ina saa ya ulinzi inayoianzisha upya ikinyamaza, hadi sekunde 8, ila mwandishi wa programu lazima aiwashe mwenyewe.

Linabaki suala la nani atapokea SMS ya saa nane za usiku. Wengi huandika namba za telefone ndani ya programu, kisha chefu wa kartie anabadilishwa, au mtu wa Ulinzi wa Raia anapoteza SIM, na mtu analazimika kwenda darajani na ordinateri ili atafsiri upya na kupakia upya. ATmega328P ina kilobaiti 1 ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Namba zikiwekwa humo, zinaweza kubadilishwa kwa SMS tu, bila kufungua sanduku.