Je, Wajua? Kifundo Kikiunga, Mwendo Hauishi

Mtu akiambiwa na daktari kwamba kifundo cha mguu wake kitaunganishwa kiwe mfupa mmoja, huuliza kwanza: nitatembea tena? Utatembea. Swali linalobaki ni namna ya kuutumia mguu huo ili udumu, na majibu yake wengi hawaambiwi mapema. Haya hapa.

Kiungo chenyewe

Je, wajua kwamba mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 na viungo 33? Upasuaji huu hufunga kiungo kimoja tu kati ya hivyo: pale mfupa wa muundi unapokutana na mfupa uitwao talasi. Vingine vyote hubaki vikicheza.

Je, wajua kwamba nyonga na magoti mara nyingi huchakaa kwa umri, lakini kifundo huchakaa zaidi kwa ajali? Wengi wanaofikishwa kwenye upasuaji huu walivunjika au kuteguka vibaya miaka mingi nyuma: kwenye bodaboda, uwanjani, au kwa kuanguka kutoka juu. Gegedu linalofunika ncha za mifupa husagika, mfupa ukaanza kusuguana na mfupa, na kila hatua ikawa maumivu.

Je, wajua kwamba tiba hii si ngeni? Eduard Albert, daktari wa upasuaji wa Vienna, aliunganisha viungo vya watoto waliopooza kwa polio karibu na mwaka 1880. Mwaka 1951 Mwingereza John Charnley alieleza mbinu ya kuibana mifupa kwa nguvu ili iunge vizuri zaidi. Huyu ndiye aliyekuja kusifika duniani kwa nyonga ya bandia. Leo kazi ya kubana hufanywa na skrubu au bamba la chuma linalobaki ndani, na kwa wagonjwa wengi halitolewi tena.

Je, wajua kwamba kuna pia kifundo cha bandia? Utafiti uliofanywa katika hospitali 17 za Uingereza, matokeo yake yakachapishwa 2022, uliwalinganisha wagonjwa 303: wengine waliwekewa kifundo cha bandia, wengine waliunganishwa. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa katika kutembea na kusimama, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo.

Mfupa unapounga

Je, wajua kwamba daktari hupima pembe kwa makini kabla ya kukaza skrubu? Unyayo huwekwa nyuzi 90 na muundi, kisigino kikielekezwa nje kidogo. Ukiungwa ukiwa umeelekea chini, goti litasukumwa nyuma kila hatua, na miaka ikienda goti nalo litalalamika.

Je, wajua kwamba kwa kawaida mguu haukanyagi chini kwa takriban wiki 6 za kwanza? Baada ya hapo uzito huongezwa kidogo kidogo, mguu ukiwa ndani ya hogo au buti maalumu, mpaka picha ya eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeunga. Wengi hufika hapo karibu na wiki ya 12. Uvimbe, hata hivyo, unaweza kuja na kuondoka kwa miezi 6 hadi 12. Usivunjike moyo ukiuona jioni: lala, inua mguu juu kupita kiwango cha moyo.

Je, wajua kwamba mazoezi huanza ukiwa bado na magongo? Vidole vya mguu, goti, nyonga, tumbo na mikono havikupasuliwa. Muulize mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe ya kufanya kitandani. Anayefika wiki ya 12 akiwa na paja lenye nguvu hutembea mapema kuliko aliyekaa tu.

Je, wajua kwamba sigara ni adui mkubwa wa mfupa unaojaribu kuunga? Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na damu ndiyo inayoleta vifaa vya ujenzi. Madaktari wengi hukataa kumpasua mtu asiyeacha tumbaku kwanza, na wana haki.

Je, wajua kwamba mfupa huimarika kwa kubebeshwa? Daktari Mjerumani Julius Wolff aliliandika jambo hilo mwaka 1892, na bado ndilo linaloongoza tiba ya mifupa. Ndiyo maana ukisharuhusiwa kukanyaga, kukaa kitini siku nzima si kujitunza.

Majirani wanaobeba kazi

Je, wajua kwamba unyayo bado utapinda kidogo juu na chini? Viungo vya mbele ya kifundo na kile kilicho chini ya talasi huchukua sehemu ya kazi. Kwa hiyo wengi, wakivaa kiatu kinachowafaa, hutembea bila mtu wa pembeni kugundua kitu.

Je, wajua kwamba majirani hao nao huchoka? Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001 uliwafuatilia wagonjwa 23 kwa wastani wa miaka 22. Wengi wao walikuwa wamepata uchakavu katika viungo vingine vya unyayo uleule, ingawa magoti yao hayakuathirika hivyo. Somo lake ni moja: chagua mazoezi yanayouchangamsha mwili mzima bila kuvigonga viungo hivyo.

Je, wajua kwamba uzito wa mwili hujizidisha kifundoni? Katika kutembea kwa kawaida, kifundo hubeba takriban mara 5 ya uzito wako, na katika kukimbia hupanda kupita mara 10. Kilo chache zikipungua, mguu huona tofauti kubwa.

Kiatu ni nusu ya dawa

Je, wajua kwamba soli iliyopinda hufanya kazi ya kifundo? Fundi huchukua kiatu chenye soli ngumu, hugandisha chini yake tabaka la mpira mwepesi, kisha hulichonga: nene katikati, jembamba mbele na nyuma. Sehemu nene kabisa hukaa nyuma kidogo ya pale vidole vinapoanzia. Ukikanyaga kwa kisigino, kiatu chenyewe kinabiringika hadi kwenye vidole, nawe umepiga hatua bila kukunja kifundo. Kisigino huwekwa sponji laini la kupokea kishindo. Kiatu cha pili nacho huongezwa unene uleule, la sivyo nyonga zitakaa upande.

Je, wajua kwamba wataalamu wa viatu na vifaa vya aina hii hufundishwa hapa hapa Tanzania? Chuo cha TATCOT, kilicho katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Je, wajua kwamba viatu vya MBT vya Uswisi, vilivyojulikana sana kwa soli iliyopinda, vilipewa jina la Wamasai? Jina lake kamili ni Masai Barefoot Technology, na vilianza mwaka 1996.

Je, wajua kwamba gambuti humsumbua sana mwenye kifundo kilichounga? Ili mguu uzame ndani, unyayo lazima unyooke kuelekea chini, nao haunyooki tena. Mkulima atafute buti la kamba au zipu linalofunguka mpaka chini.

Mazoezi

Je, wajua kwamba Bill Walton, bingwa wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyefariki 2024, alikuwa na vifundo vyote viwili vilivyounganishwa? Miguu ilimtesa tangu ujana, lakini baiskeli ilikuwa pumzi yake, akaiendesha na kuisifu kwa kila aliyemsikiliza. Baiskeli inafaa kwa sababu goti na nyonga ndivyo vinavyosukuma. Weka katikati ya unyayo kwenye pedali badala ya vidole, na rekebisha kiti.

Je, wajua kwamba mchezaji gofu Tiger Woods aliunganishwa kiungo kilicho chini kidogo ya kifundo, Aprili 2023, kutokana na ajali ya gari ya 2021? Aprili 2024 alirudi kwenye mashindano ya Masters, akavuka mchujo kwa mara ya 24 mfululizo, na hiyo ni rekodi. Uwanja wa Augusta, yanakochezwa mashindano hayo, una vilima, na wachezaji huuzunguka kwa miguu.

Je, wajua kwamba maji ya kiunoni huondoa karibu nusu ya uzito wa mwili, na ya kifuani huondoa zaidi? Jeraha likishafunga kabisa na daktari akiridhia, tembea majini, ogelea. Ukiwa ufukweni, pita kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Ule mkavu humtesa hata mzima.

Je, wajua kwamba madaktari wengi huzuia mbio ndefu, michezo ya kuruka na soka ya kugombania mpira? Kinachohofiwa ni vile viungo jirani. Kutembea, baiskeli, kuogelea na kuinua vyuma ukiwa umekaa vinatosha kuujenga moyo na misuli.

Nyumbani na njiani

Je, wajua kwamba choo cha kuchuchumaa huwasumbua wengi? Kisigino hakitatulia chini. Kiti chenye tundu juu ya choo hicho hicho, au mshikio imara ukutani, humaliza tatizo, na fundi seremala wa mtaani anaweza kuvitengeneza.

Je, wajua kwamba kikao cha tahiyatu, kinachohitaji unyayo ulale, huenda kisiwezekane? Sheria ya Uislamu imempa nafasi asiyeweza: aswali kwa namna anayoiweza, hata akiwa kitini, na swala yake ni kamili.

Je, wajua kwamba kupanda mlima huwa kugumu kuliko tambarare? Panda kwa kukata kona badala ya kunyooka juu, na shika fimbo. Kwenye ngazi, shika reli unaposhuka.

Je, wajua kwamba mguu wa kulia ndio wenye breki? Usirudi kwenye usukani mpaka daktari akuruhusu. Kwa aliyeunganishwa kushoto, gari lisilo na klachi humpunguzia kazi.

Usipuuze

Je, wajua kwamba maumivu mapya yanayozidi unapokanyaga, miezi kadhaa baada ya upasuaji, yanaweza kumaanisha mfupa haujaunga? Rudi ukapigwe picha. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi zikikatika, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda: nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kwa wewe unayesubiri upasuaji, na wewe uliyeutoa hogo juzi: muulize daktari lini, muulize mtaalamu wa fiziotherapia vipi, mtafute fundi wa viatu mapema. Kisha toka nje utembee kila siku, hata kama ni hadi kona ya mtaa na kurudi.