Damu Isiyosubiri

Asubuhi za Igowole, wilayani Mufindi, huanza na ukungu. Wachuma chai huingia shambani vikapu mgongoni, majani yangali na umande. Tumchukue binti mmoja miongoni mwao, wa kufikirika tu. Siku zake zimepitiliza wiki tatu, harufu ya vitunguu vikikaangwa inamtibua moyo, na kipimo cha mkojo alichonunua duka la dawa kimeonyesha mistari miwili. Jirani anamnong'oneza kuwa kuna "vidonge". Vidonge gani, na vinafanya nini mwilini?

Si P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Hicho huchelewesha yai kupevuka. Mimba ikishatunga, hakiitoi.

Mimba changa hutunzwa na homoni iitwayo projesteroni. Ndiyo inayounenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba na kuutuliza msuli wake usikaze. Kutoa mimba kwa dawa huanza kwa kuivuruga homoni hiyo. Mifepristoni hukaa mahali pa projesteroni, mfano wa ufunguo unaoingia kitasani lakini haugeuki. Utando huanza kubanduka. Siku moja au mbili baadaye hufuata misoprostoli, inayolainisha mlango wa kizazi na kuubana mji wa mimba hadi usukume nje kilichomo. Tumbo husokota, na damu hutoka nyingi kuliko ya hedhi.

Mifepristoni ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1980 na kuruhusiwa huko mwaka 1988. Misoprostoli ilizaliwa kama dawa ya vidonda vya tumbo. Leo wakunga huitumia kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili, zikitumiwa pamoja, katika orodha yake ya dawa muhimu. Mimba ikiwa chini ya wiki 10 na dawa zikitumika ipasavyo, hufanikiwa kwa wanawake zaidi ya 90 kati ya 100.

Uzito uko kwenye hilo neno "ipasavyo". Lazima umri wa mimba ujulikane. Lazima pia ijulikane kama imetunga mahali pake, kwa sababu iliyotunga kwenye mrija haitolewi na vidonge hivi. Inaweza kuendelea kukua hadi mrija upasuke, na damu ivujie tumboni bila mtu kuiona.

Kwa Tanzania, sheria nayo ina neno. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe na miaka 3 kwa anayetoa dawa akijua kazi yake. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa mwaka 2013 mimba 405,000 hivi zilitolewa nchini, nyingi kwa siri. Sirini hakuna anayepima umri wa mimba, na anayezidiwa huogopa kusema.

Ndiyo maana jambo moja lijulikane hata vijijini: kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, ni huduma halali ya hospitali zetu. Mji wa mimba husafishwa, maambukizi hutibiwa, damu huongezwa ikibidi, na uzazi wa mpango hutolewa kabla hajarudi nyumbani.

Dada, ukiona pedi kubwa mbili zinalowa chepechepe kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa isiyoshuka, uchafu unaonuka, maumivu makali upande mmoja wa tumbo au kizunguzungu cha kuanguka, usingoje kukuche. Nawe mama, shangazi au jirani uliyeambiwa siri hiyo, maswali yaweke kando kwanza. Tafuta bodaboda, mfikishe hospitali.