Idara ya kilimo inayopima petroli na kunasa nzi

Ukijaza mafuta Los Angeles au Fresno, California, tazama ubavuni mwa pampu. Utakuta stika yenye muhuri wa kaunti na mwaka wa ukaguzi. Aliyeibandika ni mtu wa ofisi ya kilimo. Huja na chombo cha chuma cha galoni 5, karibu lita 19, akakijaza hadi namba za pampu zifike 5 kamili, kisha akasoma kwenye shingo ya chombo mafuta yameishia wapi. Pampu ikipunja zaidi ya inchi 6 za ujazo, yaani kama mililita 98, haihesabiki tena kuwa sahihi. Ndani ya lita 19, hiyo ni nusu asilimia tu.

Msomaji wa Tanzania atauliza petroli inahusianaje na kilimo, maana kwetu kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, na huyo yuko upande wa biashara. Jimbo la California lina jibu lake. Mkulima huuza kwa mizani na mlaji hununua kwa mizani, kwa hiyo anayesimamia chakula bila kushika mizani ameshika nusu ya kazi. Na ukishakuwa na watu wenye vipimo vilivyohakikiwa, kuwatuma pia sheli na kwenye mashine za kusoma bei za dukani ni hatua fupi. Tunaolalamikia lumbesa kila msimu, gunia lililoshonewa kilemba juu huku mkulima akilipwa gunia moja, tungeweza kuufikiria mpangilio huo bila kucheka.

Idara yenyewe inaitwa Idara ya Chakula na Kilimo ya California, kwa kifupi CDFA. Ilianzishwa mwaka 1919 kama idara ya kilimo. Chakula kiliongezwa kwenye jina mwaka 1972. Hili si jimbo la mahindi matupu. Linazalisha mazao zaidi ya aina 400, robo tatu hivi ya matunda na njugu za Marekani, na karibu asilimia 80 ya lozi zinazoliwa duniani. Ukubwa huo ndio unaoifanya CDFA ifae kutazamwa: makosa yake huonekana haraka, na mafanikio yake hupimika kwa fedha.

Sheria huandikwa Sacramento, mji mkuu wa jimbo, lakini anayebisha hodi shambani ni mtu wa kaunti. Kaunti ziko 58, na kazi za ukaguzi ziko chini ya kamishna wa kilimo wa kaunti, ambaye mara nyingi ndiye pia mkuu wa vipimo. Bodi ya kaunti humteua, lakini lazima awe na leseni ya jimbo inayopatikana kwa mtihani. Wakenya, ambao kilimo kilihamia kwenye serikali zao za kaunti mwaka 2013, watatambua haraka uzito wa sharti hilo: mwanasiasa anaruhusiwa kuchagua, ila miongoni mwa waliofaulu tu.

Kazi inayokula muda na pesa, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mkulima na mlaji wanavyohudumiwa kwa pamoja, ni ya kuzuia wadudu. Mfano bora ni mdudu tunayemfahamu sisi wenyewe. Nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis, asili yake Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na kwa miaka michache tu akawa amesambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Kwa nje embe linapendeza, ukilipasua, funza. Kwa ajili yake Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na safari hizo hazikurudi hadi 2021.

Nzi huyohuyo huingia California mara kwa mara, na mara kwa mara huondolewa. Siri ni mitego. Imetundikwa kwenye miti ya matunda nyuma ya nyumba za watu, mjini na vijijini, na watumishi wa jimbo na kaunti huizungukia kwa ratiba. Nzi wakionekana kwa idadi inayoashiria kwamba wameanza kuzaana, eneo huzungushiwa mpaka wa karantini. Kisha hupita watu wakipaka kwenye nguzo na vigogo vya miti, juu kidogo ya kimo cha mtu, tone la chambo chenye harufu ya methili eujenoli iliyochanganywa na sumu kidogo. Madume hushindwa kujizuia na harufu hiyo. Hulamba na kufa, na majike hubaki bila wenzi.

Mwaka 2023 mambo yalizidi. Aina kadhaa za nzi wa kigeni zilijitokeza kwa pamoja, kusini mwa jimbo na kaskazini pia. Katika mji wa Redlands, ambao tangu zamani ni mji wa machungwa, idara iliamua mwanzoni mwa 2024 kuvuna matunda yote kwenye miti ya nyumba zaidi ya 2,000. Fikiria serikali ije uani kwako, ichume kila chungwa na kila limau, iondoke nayo kuyafukia, na wewe si mkulima, una miti miwili ya kivuli. Wengi walikubali. Agosti 2024 idara ilitangaza kwamba milipuko yote ya mwaka huo wa 2023 imezimwa.

Kwa nini nguvu zote hizo? Kwa sababu mnunuzi wa nje hanunui embe au chungwa peke yake, hununua pia ahadi ya serikali kwamba eneo lilikotoka halina nzi. Nzi akishaweka makao, milango ya masoko hufungwa, mkulima huanza kupulizia dawa kila msimu, na mlaji hulipia dawa hiyo bei ikiwa juu na mabaki yakiwa kwenye ganda. Jirani wa Redlands anayepoteza machungwa yake anasaidia kuwaepusha watu asiowajua na dawa wasiyoitaka. Hoja hii ni nzito, lakini haijiuzi yenyewe.

Gavana Jerry Brown alilijua hilo kwa njia chungu. Nzi wa Mediterania alipoenea kwenye Bonde la Santa Clara kuanzia 1980, wakulima walitaka ndege zipulizie malathioni, sumu ya wadudu, juu ya makazi, na wakazi hawakutaka. Brown alisita. Serikali ya shirikisho ikatishia kuyawekea karantini mazao ya jimbo, naye akasalimu amri Julai 1981. Ili kuwatuliza wananchi, mmoja wa maofisa wake, B. T. Collins, alikunywa hadharani glasi ya malathioni iliyozimuliwa kwa maji. Hakufa. Umaarufu wa Brown ndio ulioumia: mwaka uliofuata alishindwa kwenye uchaguzi wa useneta. Wakulima walimwona amechelewa, na wakazi walimwona amewasaliti.

Kilichobadilisha hali hiyo ni teknolojia iliyofanya kazi pia Unguja. Tangu 1996 ndege hudondosha juu ya bonde la Los Angeles madume ya nzi wa Mediterania yaliyofanywa tasa kwa mionzi. Jike likipandwa na dume tasa, mayai hayaanguliwi. Katika miaka hiyohiyo ndege zilikuwa zikidondosha juu ya Unguja mbung'o madume waliozalishwa na kufanywa tasa Tanga, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Tofauti ni kwamba Unguja, ikiwa kisiwa, ilimaliza kazi. California haiwezi kumaliza, kwa sababu watu na mizigo huingia kila siku, basi hudondosha nzi mwaka hadi mwaka.

Florida inaonyesha upande wa pili. Ugonjwa wa bakteria unaoharibu michungwa, unaoenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani, ulionekana huko mwaka 2005 na haukuzuilika. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023/24 lilivuna milioni 18 hivi. California iliupata ugonjwa huo mwaka 2012, kwenye mti wa uani katika Kaunti ya Los Angeles, na tangu hapo inakagua bustani za watu na kung'oa miti iliyoambukizwa. Mashamba yake makubwa bado yanazaa. Kidudu chenyewe kilisharipotiwa Tanzania mwaka 2016, jambo ambalo watu wa Muheza na machungwa yao wana haki ya kulifuatilia kwa karibu.

Nisipambe mno. Idara hii imewahi kulala, tena mahali palepale tulipolala sisi. Mwaka 2004 ilipata taarifa kwamba mbolea moja ya maji iliyopendwa sana na wakulima wa kilimo hai ilikuwa imechanganywa na kemikali ya viwandani. Mbolea hiyo iliendelea kuuzwa kama ya kilimo hai hadi Januari 2007, na umma ukaja kuyajua hayo kupitia gazeti la Sacramento Bee mwishoni mwa 2008. Katikati ya hapo mkulima alinunua kwa bei ya juu kitu ambacho sicho, na mlaji akanunua mboga za bei ya juu kwa imani ileile. Sheria ilibadilishwa mwaka 2009, adhabu zikaongezwa, na wakaguzi wakapewa nguvu ya kuingia viwandani. Anayekumbuka mifuko ya mbolea feki iliyouzwa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2024 hahitaji kuelezwa kwamba kibandiko kizuri hakitoshi. Lazima mtu afungue mfuko, achote sampuli na kuipeleka maabara, tena kabla ya msimu wa kupanda, si baada yake.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu la nani anamlipa mkaguzi. Sehemu kubwa ya kazi za CDFA hulipwa na wanaokaguliwa: tozo kwa kila tani ya mbolea, ada kwa kila mfugaji anayesajili chapa ya ng'ombe wake, dola 2 kwa kila muuzaji kwa kila siku ya soko la wakulima. Masoko hayo yana sharti ninalolipenda. Muuzaji hubandika mbele ya meza yake cheti cha kaunti kinachotaja mazao yaliyo shambani kwake, na mkaguzi akikuta parachichi ambalo cheti hakilitaji, kuna maelezo ya kutoa. Dalali hana meza hapo.

Kuna pia sheria ya 1937 inayowaruhusu wakulima wa zao moja kupiga kura ya kujitoza. Kura ikipita, wote hulipa, hata waliokataa, na fedha huenda kwenye utafiti na matangazo. Uzuri wake ni kwamba mkulima anajua shilingi yake imekwenda wapi. Ubaya ni kwamba idara moja inajikuta inalitangaza zao na kulikagua zao hilohilo. California ililiona tatizo hilo kwenye viuatilifu: mwaka 1991 udhibiti wake uliondolewa kwenye idara ya kilimo na kupewa idara mpya ya upande wa mazingira. Ila anayekwenda shambani kukagua upuliziaji alibaki yuleyule kamishna wa kaunti. Mimi naona walifanya nusu ya lililopaswa.

Pale mlaji anapotaka kitu ambacho mkulima hakitaki, idara haina pa kujificha. Mwaka 2018 wapiga kura walipitisha sheria kwamba nyama ya nguruwe inayouzwa California itoke kwa nguruwe jike aliyepewa nafasi ya angalau futi 24 za mraba, au kwa watoto wake, hata kama amefugwa Iowa. Wafugaji wa nguruwe walikwenda mahakamani, na aliyeshtakiwa ni Karen Ross, Katibu wa CDFA. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wafugaji. Sasa ni idara ya kilimo inayowahakiki wafugaji wa majimbo mengine kwa niaba ya anayekula.

Neno kwa anayesafiri. Kuhusu milipuko ya 2023, wataalamu wa idara walisema njia inayodhaniwa zaidi ni matunda yaliyobebwa na wasafiri au kutumwa kwa vifurushi bila kukaguliwa. Ukienda kumwona ndugu Los Angeles au San Diego, usimfungie embe dodo kwenye sanduku, hata akililia. Ukishalibeba, litaje kwa ofisa wa uwanja wa ndege: atalichukua na safari yako itaendelea, lakini ukilificha utatozwa faini. Mpelekee korosho zilizokaangwa.