MIJI YA URITHI NA FASIHI: MAANA YA KUTAMBULIWA KWAKE NA WAJIBU WA WAKAAZI

Tangu Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wananchi wamekuwa wakiuliza masuali ambayo yanastahiki kujibiwa kwa ufasaha. Baadhi yao hudhani kwamba mji huo umekuwa mali ya wageni. Wengine hudhani kwamba jina hilo ni zawadi, na kwamba zawadi ikishatolewa hairudishwi. Wapo pia wanaochanganya heshima hiyo na zile ambazo miji mingine duniani imezipata kwa ajili ya vitabu na waandishi wake. Makala haya yana nia ya kueleza aina za kutambuliwa zilizopo, sababu zake, na yale yanayowapasa wakaazi na watumishi wa Serikali.

AINA TATU ZA KUTAMBULIWA

Aina ya kwanza ni Urithi wa Dunia. Msingi wake ni Mkataba uliopitishwa na Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa (UNESCO) mwaka 1972, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Nchi yenyewe ndiyo inayopendekeza eneo lake, wataalamu hulikagua, kisha Kamati ya Urithi wa Dunia hutoa uamuzi. Inafaa ieleweke wazi kwamba umiliki haubadiliki hata kidogo: nyumba hubakia ya mwenyewe, wakfu hubakia wakfu, na mamlaka hubakia kwa Serikali iliyopo. Kinachobadilika ni kwamba nchi imetoa ahadi mbele ya mataifa mengine kuwa itakitunza kilichoorodheshwa.

Aina ya pili ni ya Miji Bunifu, ambayo UNESCO iliianzisha mwaka 2004. Humo miji hujiunga kwa fani maalumu kama vile muziki, sanaa za mikono, filamu, mapishi au fasihi. Mji wa mwanzo kuitwa Jiji la Fasihi ulikuwa Edinburgh, huko Scotland, mwaka huo huo wa 2004. Miongoni mwa iliyofuatia ni Dublin mwaka 2010, Baghdad mwaka 2015, na Durban ya Afrika Kusini mwaka 2017.

Aina ya tatu ni ya Mji Mkuu wa Vitabu wa Dunia. Heshima hii hudumu mwaka mmoja tu, kuanzia tarehe 23 Aprili, na hutolewa kwa mji wenye mpango mzuri wa kukuza usomaji. Madrid ilikuwa ya mwanzo mwaka 2001, ikafuatiwa na Alexandria mwaka 2002. Katika Afrika ya kusini mwa Sahara, Port Harcourt iliipata mwaka 2014, Conakry mwaka 2017 na Accra mwaka 2023.

Kwa ufupi, aina ya kwanza hutazama kile kilichojengwa na kurithiwa, ya pili hutazama kazi inayoendelea kufanywa, na ya tatu hutazama mpango wa mwaka mmoja. Mji mmoja unaweza kupata zaidi ya heshima moja. Edinburgh iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995 kwa majengo yake, na miaka tisa baadaye ikawa Jiji la Fasihi. Huko, hata kituo kikuu cha treni kimepewa jina la riwaya ya Walter Scott, mwandishi aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1771.

KWA NINI MJI MKONGWE NA LAMU

Katika mwambao wa Waswahili, miji miwili iliyo hai imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia: Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingizwa mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu, nchini Kenya, ulioingizwa mwaka 2001. Neno "hai" lina uzito wake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa mapema zaidi, mwaka 1981, lakini yale ni mabaki ya miji iliyokwisha kuhamwa. Zanzibar na Lamu ni miji ambamo watu bado wanazaliwa, wanaoana, wanafanya biashara na kuzikana.

Mji Mkongwe ulikubaliwa kwa hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba ndani yake tamaduni za Afrika, Arabuni, Bara Hindi na Ulaya zimechanganyika kwa karne nyingi, na mchanganyiko huo unaonekana katika milango ya nakshi, mabaraza, roshani na vichochoro vyake. Ya pili ni kwamba mji huo ni ushahidi wa biashara ya pwani zote za Bahari ya Hindi. Ya tatu ni nzito zaidi: hapa palikuwa na soko kubwa la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na hapa pia ndipo wapinzani wa biashara hiyo walipoendeshea harakati zao. Kwa hiyo kinachohifadhiwa si uzuri peke yake. Ni kumbukumbu pia, pamoja na ile inayoumiza.

URITHI WA MANENO

Mawe ni nusu tu ya urithi wa miji hii. Lamu na visiwa jirani vimetoa baadhi ya tungo kongwe za Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake wa kumuusia binti yake mwaka 1858. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyafanya magofu ya Pate kuwa mazingatio juu ya dunia inayopita. Shairi hilo ni ushahidi kwamba washairi wetu waliyaona majumba yakianguka, na wakaelewa maana yake, kabla ya shirika lolote la kimataifa kuwapo.

Kwa upande wa Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mohamed Said Abdulla alifungua njia ya riwaya ya upelelezi kwa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale. Baada yake wakaja Mohamed Suleiman Mohamed, Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, na kwa ushairi, Haji Gora Haji wa Tumbatu. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Fasihi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar nazo zinahifadhi hati na vitabu vya Kiarabu ambavyo mwaka 2003 viliingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Hata hivyo, mji hauitwi Jiji la Fasihi kwa sababu tu ya kuzaa waandishi mashuhuri. Waombaji hutakiwa kuonesha mambo yanayoonekana: uchapishaji wa vitabu kwa wingi na kwa ubora, ufundishaji wa fasihi katika skuli na vyuo, maktaba na maduka ya vitabu yanayofanya kazi, matamasha na mikutano ya waandishi, na juhudi za kufasiri vitabu kutoka lugha moja kwenda nyengine. Durban, kwa mfano, ilikuwa na tamasha lake la waandishi kwa miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Ni dhahiri kwamba sifa ya waliotangulia hufungua mlango tu, na kinachopimwa ni kazi ya walio hai.

JINA HUWEZA KUPOTEA

Wanaodhani kwamba heshima hii ni ya milele hawana budi kuzingatia yaliyowafika wengine. Dresden, nchini Ujerumani, iliingizwa mwaka 2004 kwa ajili ya bonde la mto Elbe, ikafutwa mwaka 2009 kutokana na ujenzi wa daraja la njia nne katikati ya mandhari iliyokuwa imeahidiwa kulindwa. Liverpool, nchini Uingereza, nayo iliingizwa mwaka 2004 na kufutwa mwaka 2021 kutokana na majengo mapya yaliyoharibu sura ya bandari yake ya zamani. Nchi zote mbili ni tajiri na zina wataalamu wengi. Fedha hazikuwasaidia, kwa kuwa uamuzi wa kujenga ulitangulia uamuzi wa kuhifadhi.

Upo pia mfano wa kutia moyo, nao ni wa hapa nchini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika Orodha ya Urithi ulio Hatarini mwaka 2004. Kazi ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko wa ufukwe ikafanyika, wanavijiji wakashirikishwa, na mwaka 2014 magofu hayo yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Nasi tumekwisha kupata onyo letu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo lilistahamili mizinga ya mwaka 1896, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 wakati likifanyiwa matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha. Tukio lile lilithibitisha kwamba hifadhi ya majengo ya kale ni suala la uhai wa watu kabla ya kuwa suala la utalii.

NAMNA NYUMBA YA MAWE INAVYOKUFA

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake hubebwa na boriti za mikandaa. Urefu wa boriti hizo ndio uliopanga upana wa vyumba, na ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hupumua: huingiza unyevu na kuutoa kupitia lipu ya chokaa.

Maradhi huanzia juu. Paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta, huosha udongo na chokaa, na hufikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Ncha hizo huoza mahali pasipoonekana, mpaka siku dari inaposhuka. Mwenye nyumba akiona ukuta unamwagika unga, mara nyingi huupiga lipu ya saruji akidhani anauimarisha. Kinyume chake, saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta huliwa kwa siri nyuma ya sura iliyo nzima. Kuongeza ghorofa, kuweka tangi la maji juu ya paa la kale, au kuvunja ukuta wa ndani ili kupanua duka huongeza mzigo ambao nyumba haikujengewa kuuchukua.

YANAYOWAPASA WAKAAZI NA WATUMISHI

Kwa hayo yaliyoelezwa, wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kazi yoyote ya ujenzi, matengenezo au kubadilisha sura ya nyumba ndani ya eneo la hifadhi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985. Kibali huombwa kabla ya kazi kuanza.

2. Mwenye nyumba na mpangaji wakague paa na mifereji ya maji kabla ya kila msimu wa masika na wa vuli. Kuziba tundu moja la paa ni rahisi mno kuliko kujenga ukuta upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3. Itumike chokaa palipojengwa kwa chokaa, na waitwe mafundi wanaoijua kazi hiyo. Vijana wahimizwe kujifunza kwao, kwani ujuzi usiporithishwa hufa pamoja na mwenyewe.

4. Milango ya nakshi, mbao na vipande vya majengo ya kale visiuzwe wala kung'olewa. Mlango ukishaondoka mahali pake hubakia bao la kupambia ukuta wa mtu mwengine.

5. Watumishi wa Serikali wanaotumia majengo ya kale kuwa afisi watoe taarifa mapema kuhusu nyufa, uvujaji na dari zinazolegea, wala wasingoje bajeti ya mwaka ujao ndipo waseme.

6. Walimu wa skuli wawapeleke wanafunzi mjini na maktaba, na wawakusanyishe hadithi, mashairi, nyimbo na majina ya mitaa kutoka kwa wazee. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni fursa nzuri ya kuyaonesha waliyoyakusanya.

7. Familia zenye hati, barua na vitabu vya kale zisivichome wala kuviuza kwa wapita njia. Wataalamu wa Nyaraka za Taifa ndio wa kuombwa ushauri juu ya utunzaji wake.

Heshima ya dunia imekuja kuthibitisha yale ambayo wazee wetu waliyajenga na kuyatunga bila ya kungoja kusifiwa. Kazi ya kuyadumisha ni yetu sote: mwenye nyumba, mpangaji, fundi, mwalimu na mtumishi wa Serikali, kila mmoja kwa nafasi yake.