Gari Halitaki Mafuta Peke Yake



Katika vijiji vyetu gari si la mtu mmoja. Hata kama kadi ina jina la mwenyewe, gari hilo ndilo linalopeleka mahindi sokoni na kuleta mbolea, na usiku wa manane ndilo linalomkimbiza mama mjamzito hospitali. Likilala gereji, kazi za watu wengi zinalala. Likipinduka, msiba unaingia nyumba nyingi kwa siku moja.

Kwa hiyo kutunza gari si kazi ya fundi tu. Dereva, utingo na kamati inayonunua mafuta, wote wanahusika. Leo tutaangalia mambo ambayo mtu yeyote anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kuyafanya.

Kabla ya kupiga stata

Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, fungua boneti. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imepungua ongeza, lakini usipite alama ya juu. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia humo. Usiwashe injini, mwite fundi. Kazi ya oili ni kuzuia vyuma visisagane. Ikiisha injini inanoki, na matengenezo yake yanaweza kumaliza mauzo ya msimu mzima.

Angalia na maji ya rejeta. Injini ikiwa ya moto, usifungue kifuniko kabisa! Maji yale yamebanwa humo ndani yakiwa ya moto sana. Ukifungua yanaruka na kukubabua uso. Subiri ipoe.

Halafu chungulia uvunguni. Je, kuna matone chini? Gari linalodondosha kitu lina habari ya kukuambia.

Upepo wa matairi

Watu wengi hupiga tairi teke na kusema, "Upepo upo." Teke si kipimo. Tumia geji, tena asubuhi kabla tairi halijapata joto. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Ukibeba mzigo mzito, soma kiasi cha mzigo.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja likizunguka. Kujikunja huko kunaleta joto, na joto likizidi tairi hupasuka. Tena gari huwa zito kusukumwa, ndiyo maana linakunywa mafuta zaidi. Tairi likilika pembeni pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Tairi kipara nalo litolewe, maana kwenye tope na lami yenye maji halishiki.

Mteremkoni

Sasa tuje kwenye jambo linaloua watu. Wako madereva ambao wakifika mteremkoni wanatoa gia na kuliachia gari liserereke, eti wanabana mafuta. Hebu sugua viganja vyako kwa nguvu. Umesikia joto? Breki nazo hufanya kazi kwa kusuguana. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, dereva aliyetoa gia anabaki na breki tu. Anakanyaga, anakanyaga, breki zinapata moto. Maji ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na kanyagio linazama mpaka chini bila gari kusimama.

Gari likiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe inalizuia. Wazee wa barabara wana kanuni yao: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia.

Na mafuta je? Magari mengi ya siku hizi, ukiachia kanyagio la mafuta huku gari likiwa kwenye gia, yanakata mafuta yenyewe. Ukitoa gia, injini inaendelea kunywa ili isizimike. Basi huyo anayebana mafuta anayapoteza, na roho za watu anazichezea. Anayezima injini kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu katika magari mengi usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu.

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakizeeka huchemka upesi. Yabadilishwe kwa muda ulioandikwa katika kitabu cha gari.

Daftari la gari

Haya basi, hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita zilizo kwenye deshibodi. Ukirudi kujaza tena, andika kilomita mpya na lita zilizoingia.

Mfano: mwanzo zilikuwa 48,200, sasa ni 48,600. Gari limekwenda kilomita 400. Zimeingia lita 40. Gawa 400 kwa 40: gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja.

Mwezi ujao, kwa njia ile ile na mzigo ule ule, kilomita 400 zikala lita 50, hiyo ni kilomita 8 kwa lita. Lita 10 zimekwenda wapi? Pima upepo. Angalia kama ekilina imejaa vumbi. Tazama kama bomba linavuja, au breki ya gurudumu moja inabana na kulitia joto kuliko mengine. Yote yakiwa sawa, ulizeni kama kuna mtu mwenye mpira wa kunyonyea! Daftari halimwonei mtu, wala halimfichi mtu.

Andikeni humo pia siku ya kubadilisha oili na kila kifaa kilichonunuliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Gari mnalolitegemea linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja? Nani anaandika?
2. Abiria akiona dereva anatoa gia mteremkoni, afanye nini?
3. Nani katika kijiji chenu ana geji ya upepo?